Eda Nyuma ya Pazia la Mahtabu

Kibiti, Jumapili, 10 Aprili 1994

Naomba radhi kwa ukimya wa miaka. Niliacha kuandika siku niliyostaafu ualimu, nikajiambia kwamba mtu asiye na kipindi cha kufundisha hana la kuandika. Huo ulikuwa uvivu, na uvivu siupendi kwa mtu yeyote. Narudi kwa sababu nimechukizwa, na kila ninayetaka kumwambia nitagombana naye kabla sijamaliza sentensi.

Mzee Mshamu alifariki Ijumaa ya kwanza baada ya Idi. Tangu ujana wake alikuwa mwendesha mashine wa sinema yetu, Mahtabu, na akiishi humo humo, katika vyumba viwili nyuma ya jukwaa, pamoja na mkewe Waride. Bwana Jivani, Mhindi aliyelijenga jumba zamani za Mwingereza, ndiye aliyewapa vyumba hivyo. Jumapili alasiri palikuwa na onyesho la wanawake peke yao. Sisi tulivua mabuibui, tukalia na kucheka tulivyotaka, na Waride alikaa kwenye ngazi ya chumba cha mashine, kuhakikisha kwamba mwanamume pekee aliyemo jumbani, yaani mumewe, hashuki mpaka wa mwisho wetu amejifunika. Likaja Azimio la Arusha, Bwana Jivani akaondoka, jumba likawa ghala la korosho la chama cha ushirika. Jioni nikifundisha humo elimu ya watu wazima, wanafunzi wangu wakikalia magunia, nami nikiandika kwa mkaa juu ya ule ukuta mweupe tuliokuwa tukiuita pazia. Mshamu alibaki mlinzi. Sasa ushirika wenyewe umebaki jina.

Maiti ya Mshamu iliogeshwa humo humo vyumbani mwake. Sakafu ni ya saruji, kwa hiyo Abdurahmani, mdogo wangu, ambaye ni mwenyekiti wa kamati ya msikiti, alishika tindo na nyundo akaivunja, wakapata kuchimba ufuo, lile shimo la kupokea maji ya kuoshea maiti. Mimi ndiye niliyemwingiza Waride eda. Nilimvisha kaniki, nikamketisha kitandani, nikamweleza yanayompasa kwa miezi minne na siku kumi. Hana mtoto. Aliniuliza jambo moja tu: "Na baada ya hapo, Mwalimu, nitakuwa wapi?"

Nilimjibu kwamba atakuwa hapo alipo. Nilimjibu haraka mno.

Jumatano, 13 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Barabara ya Dar es Salaam haipitiki.

Jumapili, 17 Aprili

Barabara imepitika kwa mtu mmoja ambaye ningependa ingemzuia. Badru, mtoto wa Abdurahmani, amerudi kutoka Dar es Salaam juu ya gari lililojaa matope mpaka kwenye vioo, na nyuma yake kuna kitu kirefu kilichoviringishwa godoro na nailoni. Alisimamisha gari mbele ya baraza langu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umeleta jeneza la nani?"

"Shangazi bwana. Hii televisheni. Na deki ya video, na jenereta. Nafungua sinema pale Mahtabu. Nchi imefunguliwa sasa, ruksa."

"Neno ni ruhusa. Na ruhusa hutolewa na mtu. Nani amekupa?"

"Mzee Bushiri, katibu wa ushirika. Korosho siku hizi matajiri wananunua wenyewe mashambani. Ghala lao tupu, wanakaa popo bure."

"Na mjane?"

"Mjane yuko nyuma, mie niko mbele. Hatuonani."

Alisema hivyo akicheka, huku akitafuna kitu ambacho hakukitema hata alipokuwa akinisalimu. Mtoto huyu nilimfundisha kusoma. Nikimsikiliza nasikia kwamba sikufundisha kitu.

Ijumaa, 22 Aprili

Nimekwenda kuona, ili nikisema nisiambiwe kwamba sikuona.

Jumba linanuka. Nilidhani ningekuta harufu ya korosho, nikakuta mkojo, kwa sababu vijana hawatoki nje mvua inaponyesha. Wanageukia ukuta wa nyuma, pale ambapo zamani palikuwa na viti vya wake wa maliwali. Maganda ya machungwa yamekanyagwa yakawa uji. Jenereta limewekwa mlangoni, na moshi wake, badala ya kutoka nje, unaingia ndani pamoja na watazamaji. Wao wamekaa chini juu ya magunia yale yale ya ushirika, wametazama kisanduku kidogo kilichopandishwa kwenye jukwaa kubwa lililojengwa kwa picha za ukubwa wa nyumba.

Katika hicho kisanduku wanaume wanapigana mateke. Kila anayepigwa hulia kabla mguu haujamfikia. Mazungumzo ni ya lugha ambayo hakuna mtu wa Kibiti aipataye, basi Badru husimama kando na kijiti akitafsiri asichokielewa. "Hapa jamaa anamwambia, wewe ulimuua baba yangu, leo kitu hii haiishi." Kitu hii! Nilihesabu makosa yake kwa hasira, kisha nikaacha kuhesabu. Kulikuwa na watoto wa darasa la tano niliowatambua kwa sare zao, na ilikuwa saa ya masomo.

Nyuma ya ukuta ule mweupe, umbali wa hatua chache, mwanamke yuko katika eda. Hatakiwi kusikia hata ngoma ya jirani. Anasikia watu wakivunjwa shingo tangu adhuhuri.

Jumapili, 24 Aprili

Mvua. Paa langu linavuja juu ya sanduku la nguo.

Jumatatu, 2 Mei

Nimemtembelea Waride kwa mlango wa uani, nikarudi nimeudhika kuliko nilivyokwenda.

Niliingia na kumpelekea sukari na majani ya chai. Kuku walikuwa wamelala juu ya viti vya zamani vya sinema alivyovipanga kando ya kitanda, vimechafuka vyote. Papa mkavu alining'inia juu ya mlango. Hayo ningeyavumilia. Waride mwenyewe sikumwona kitandani. Alikuwa amesimama na kaniki zake, paji la uso limegusa ukuta, jicho limo ndani ya tundu.

"Usinitazame hivyo, Mwalimu," alisema bila kugeuka. "Sijatoka."

"Jicho limetoka."

"Jicho halina eda. Ungelifunika wewe siku ile, kama lina."

"Unatazama picha, na mumeo hajatimiza hata miezi miwili kaburini?"

"Picha siioni. Kisanduku chao kimenipa mgongo. Naona waya, na watu."

"Watu gani?"

"Hawa wanaotazama. Njoo uone, yule mwenye kofia nyekundu analia."

Sikwenda kuona. Niliweka sukari juu ya meza nikaondoka bila kunywa chai, nikatembea katika matope mpaka nyumbani nikijiambia kwamba wamefaana, yeye na Badru, na kwamba mtu anayepoteza huruma ya wengine namna hii asilalamike akiikosa.

Ijumaa, 6 Mei

Leo nitaandika kwa kirefu.

Kamati ya msikiti ilikutana baada ya sala ya Ijumaa ndani ya Mahtabu, na Bushiri akaja kwa niaba ya ushirika. Mimi niliitwa kwa sababu ninakumbuka tarehe. Nilikaa nyuma, juu, kwa kuwa sakafu ya jumba inateremka kuelekea jukwaani, na aliye nyuma huwaona wote visogo.

Abdurahmani alizungumza vizuri. Nilimlea mimi baada ya mama yetu kufa, na leo asubuhi nilikuwa bado najivunia. Alikumbusha mwaka ule ambao mvua ilibomoa kuta za msikiti, tukasali humu mpaka kiangazi. Pazia, alisema, liko upande wa kibla, kana kwamba Mhindi yule alielekezwa na Mwenyezi Mungu bila yeye kujua. "Mahali palipohutubiwa Ijumaa ni msikiti. Na msikiti haukodishwi kwa mateke."

"Basi kila mvua ikinyesha chama kitapoteza ghala," alijibu Bushiri. "Tena nakumbuka sala ile, Mwenyekiti. Sakafu hii ilitufanya sisi wa nyuma tuwe juu ya kichwa cha imamu. Mzee mmoja alisujudu akateleza mpaka safu ya tatu."

Watu walicheka, na mimi nikazuia kucheka. Walibishana mpaka karibu na alasiri. Mmoja akisema msikiti, mwingine akisema ghala, na Badru, aliyeegemea mlango, akisema kwamba sinema ndiyo iliyotangulia yote mawili. Moyo wangu ulikuwa pamoja na ndugu yangu.

Kisha mtu aliuliza habari ya vyumba vya nyuma.

"Msikiti hauwezi kuwa na jiko nyuma ya mihirabu," alisema Abdurahmani.

"Wala ghala halina mke," alisema Bushiri.

"Na mimi pale nataka kuweka jenereta, moshi upungue," alisema Badru. "Shangazi mwenyewe kalalamikia moshi."

Watu waliokuwa wakitoleana povu tangu mchana walikubaliana papo hapo, kwa upole, kama wanaogawana ubani. Waride apelekwe Kiongoroni kwa wapwa wa marehemu, wakata mikoko ambao hawakuja hata kuzika. Gari limfikishe Nyamisati, na kutoka hapo apande mashua.

Nilisimama. "Yumo edani," nilisema. "Mjane hahamishwi."

"Dada, eda hukaliwa nyumbani," alisema Abdurahmani kwa sauti ya kunituliza. "Hapa si nyumba. Hapa palikuwa sinema, pakawa ghala, na kwa maoni yetu ni msikiti. Nyumba haikuwa hata siku moja."

"Ufuo wa Mshamu ulichimbwa wapi?"

Alivua kofia yake akaivaa upya.

"Nauliza kwa sababu saruji ile ni nzito, na aliyeivunja lazima anakumbuka. Katika mji huu mtu huchimbiwa ufuo ndani ya nyumba yake. Sijapata kusikia mtu akichimbiwa ghalani, na msikitini ndiyo kabisa. Wewe uliyeshika tindo ulidhani unavunja sakafu ya nani?"

Wazee waliangalia mikeka. Bushiri alipangusa miwani. Mwishowe imamu alisema kwamba Mwalimu amesema kweli, eda iachwe itimie, na mengine yatazungumzwa baadaye. Walipokuwa wakitoka, hakuna aliyekwenda uani kumsalimu mwenye nyumba.

Nilirudi nikiwa nimeshinda, na bado nilijisikia kama niliyekanyaga kitu.

Jumatano, 11 Mei

Mvua. Video. Mvua.

Jumamosi, 21 Mei

Idi ya kuchinja. Kwa mara ya kwanza adhana ya Kibiti imesikika kwa kipaza sauti. Watu walitoka nje wakatazama juu, wengine machozi yakiwatoka, na mimi mwenyewe nilisimama na ufagio mkononi mpaka muadhini alipomaliza.

Kisha nikaufuata waya. Unatoka kwenye paa la msikiti, unapita juu ya mwembe wa mzee Salumu, unavuka barabara, unaingia Mahtabu kwa dirisha la tiketi. Jenereta moja. Likizimwa kwa Badru, msikiti unanyamaza.

Jumatatu, 23 Mei

Nilimwuliza Abdurahmani.

"Kijana ametoa kwa ajili ya Mungu, Dada. Nimkatalie mwanangu thawabu?"

"Na mateke?"

"Wakati wa sala anazima mateke."

Alisema hivyo bila kutabasamu. Ninaandika neno kwa neno ili kesho nisije nikadhani nilimsingizia.

Jumapili, 5 Juni

Siku tatu bila mvua. Watu wa mabondeni wamekwenda kushinda wakiamia mpunga, ndege ni wengi. Nguo zangu zimekauka lakini zinanuka ukungu.

Jumapili, 12 Juni

Madai ya msikiti yamekwisha, bila kikao na bila mtu kusema kwamba yamekwisha. Bushiri alinieleza sokoni, akichagua nyanya, kwamba jumba linakodishwa kwa Badru na kwamba kamati "haina kipingamizi". Vyumba vya nyuma vitakuwa vya jenereta.

"Mlisema palihutubiwa Ijumaa," nilimwambia.

"Ni ndugu yako aliyesema, Mwalimu. Mimi nilisema ghala tangu mwanzo. Mimi angalau sijageuka." Akainua nyanya akainusa. "Mji mzima unasikia adhana sasa. Nani atakayesimama kusema izimwe?"

Nimefikiri tangu asubuhi ni nani atakayesimama. Sijapata jina.

Alhamisi, 16 Juni

Watoto wa jirani wanacheza mateke uani. Mmoja ameng'oka jino. Mama yake amelitupa juu ya paa akicheka.

Jumatano, 29 Juni

Nimekuwa nikimpelekea Waride maji na kuni kwa zamu na Mwanawetu, jirani yake, na kila mara niliondoka mara tu nilipotua mtungi. Leo mvua ya mwisho wa msimu, isiyotarajiwa, ilinifungia huko, nikalazimika kukaa juu ya kiti cha sinema, baada ya kumfukuza kuku.

Upande wa pili video ilikuwa ikiunguruma. Badru alikuwa akitafsiri. Waride alimenya viazi.

"Mshamu hakuwahi kuketi akatazama picha hata moja," alisema. "Macho yake yalikuwa kwenye mashine, ikikata utepe watu wasimtukane mama yake. Akishuka ananiuliza, leo ilikuwaje? Namwambia. Lakini na mimi siku za wanaume nilikuwa huku nyuma, picha siioni. Basi nikatoboa lile tundu pembeni mwa pazia, nikawa nawatazama wao. Namwambia, fulani amecheka, fulani ameficha uso, liwali amelala na mdomo wazi. Hizo ndizo sinema zetu, Mwalimu. Tumeishi nazo miaka yote."

"Na sasa unamwambia nani?"

"Namwambia yeye. Usiniandikie dhambi."

Sikumwandikia. Alinitaja mimi pia. Alisema kwamba katika onyesho moja la Jumapili, mimi, binti mkali aliyetoka chuoni na kitabu kwapani, nililia kuliko wote, kisha nikamgeukia mwenzangu kumsahihisha alivyosema "naliaga" badala ya "nalia". Nilikanusha. Akasema, "Niliketi pale kwenye ngazi. Nani angejua kunizidi mimi?"

Kisha akauliza tena alichouliza mwezi wa Machi. Hakuuliza kwa huzuni. Aliuliza kama mtu anayepanga kununua mkaa. Kiongoroni amefika mara moja, alipoolewa. Wapwa hawa hawajui jina lake la utani wala dawa ya pumu yake, na kutoka huko hakuna mganga mpaka mtu avuke maji. "Hapa nikikohoa, Mwanawetu husikia," alisema.

Mvua ilikatika. Nilikunywa chai kwanza.

Jumamosi, 9 Julai

Upepo wa kusini, baridi. Mpunga unaingia mjini kwa magunia. Badru amepaka mlango wa Mahtabu rangi nyekundu na kuandika juu yake maneno mawili, yote mawili kwa makosa.

Ijumaa, 15 Julai

Abdurahmani alikuja akiwa amevaa kanzu yake ya Idi na kuleta samaki. Nikajua kwamba anataka kitu.

"Dada, eda ya Waride inatimia Jumapili ya wiki ijayo. Wewe ulimwingiza, wewe umtoe. Wanawake hawatamfuata mwingine."

"Nimekwisha kujiandaa. Nina kanga mpya na udi."

"Vizuri. Umwogeshe, umvishe, umtoe, umpitishe kwa majirani kama desturi, nyumba hadi nyumba. Msiharakishe." Alitazama samaki. "Mkiwa huko, sisi tutafunga."

"Mtafunga nini?"

"Vyumba. Badru amenunua kufuli. Vyombo vyake atavikuta barazani, vimefungwa vizuri, hakuna kitakachovunjika. Gari la Nyamisati litakuwa tayari. Hatutamgusa mtu, hapatakuwa na kelele. Akitoka kwa miguu yake mwenyewe, kwa heshima, na eda imekwisha, nani atasema tumemtoa mjane?"

Nilimtazama usoni. Nilitaka kuona kama anajua alichosema. Anajua. Amefikiri kila hatua, na katika kila hatua ameangalia asivunje sheria. Huo uangalifu nilimfundisha mimi. Nilimpiga fimbo kwa kuruka mstari, na sasa hajui kuruka mstari. Anaufuata mpaka mahali popote.

"Samaki huyu ameanza kunuka," nilimwambia. "Mrudishe."

Jumanne, 19 Julai

Silali vizuri. Nikikataa kumtoa, nitakuwa nimemweka mjane katika eda kupita siku zilizoamriwa, na hilo ni kosa. Sitalifanya hata kwa nia njema. Nikimtoa, ninakuwa mkono wa ndugu yangu. Nimegeuza jambo hili kila upande, kama nilivyokuwa nikigeuza sentensi ya mwanafunzi nikitafuta mahali ambapo kosa lilianzia.

Mwanawetu ameniuliza kwa nini sili. Nimemwambia kila kitu. Alisema neno la Kindengereko ambalo siliandiki.

Jumapili, 24 Julai

Ninaandika nikiwa nimekalia kiti cha sinema, kuku miguuni.

Asubuhi tulikuja wanawake wengi kuliko nilivyotazamia. Mwanawetu alikuwa amepita milangoni jana. Tulimwogesha Waride, tukamfukiza udi, tukamvua kaniki na kumvisha kanga mpya. Mwanawetu alimchekesha katikati ya maji. "Bibi harusi huyu amekonda," alisema, "mchumba atadai arudishiwe mahari." Waride alicheka mpaka pumu ikamjia kidogo. Kwa tundu la ukuta niliona jumba likiwa tupu. Hata Badru aliona haya kuonyesha video leo, au alikuwa na kazi nyingine.

Alikuwa na kazi nyingine. Tulipofungua mlango wa uani, wanaume walikuwa wameketi kwenye kuta za kisima: Abdurahmani, Bushiri, Badru, na vijana wawili wa kubeba. Kufuli lilikuwa juu ya goti la ndugu yangu, jipya, bado lina karatasi ya dukani. Gari lilikuwa limewashwa.

Nilimtoa Waride kizingitini kwa mguu wa kulia, nikasoma dua yote bila kufupisha. Eda imekwisha kwa siku yake na kwa taratibu zake. Mtu yeyote asije akasema vinginevyo. Kisha mkono wake nikautia katika mkono wa Mwanawetu.

"Mpitishe nyumba hadi nyumba," nilimwambia. "Msiharakishe."

"Na wewe, Mwalimu?" aliuliza Waride. "Hutufuati?"

"Mimi nina kazi humu."

Walikwenda na vigelegele. Nikarudi ndani, nikakaa. Jana jioni nilikuwa nimemtuma Mwanawetu alete godoro langu, mswaki, msahafu na daftari hili. Vyote vilikuwa chini ya kitanda cha Waride.

Abdurahmani aliingia, akasimama kwenye ile saruji iliyovunjwa na kuzibwa.

"Dada, toka, tufunge."

"Funga."

"Umo ndani."

"Najua nilipo."

Badru alichungulia nyuma ya bega la baba yake. "Shangazi, hii imekaa kama picha."

"Nyamaza," tulimwambia sote wawili kwa pamoja. Kwa kitambo tulikuwa ndugu tena.

Abdurahmani alikaa kwenye ukingo wa kiti, akamwondoa kuku kwa upole. Alisema kwamba ninamwaibisha. Nilimwuliza ni nani aliyekuja na kufuli. Alisema kwamba vyumba si vyangu. Nilimjibu kwamba kweli si vyangu. Mimi ni mgeni, mwenyewe amekwenda kusalimia majirani, na akirudi nitamwomba ruhusa ya kulala. Akienda sokoni, nitakuwapo. Nikienda sokoni mimi, yeye atakuwapo. Tukienda sote, Mwanawetu atakuwapo.

"Utaacha nyumba yako kwa ajili ya mke wa mwendesha mashine?"

"Nyumba yangu inavuja."

"Dada, sisemi mzaha. Watu wamekwisha lipana, wamepeana mikono. Jenereta likiondoka, adhana inaondoka. Unataka nisimame mimbarini niwaambie kwamba dada yangu ndiye aliyeizima?"

"Waambie. Utamke vizuri tu."

Alinitazama kwa namna ambayo sijapata kuiona usoni mwake, hata alipokuwa mtoto na fimbo iko mkononi mwangu. Nilidhani atawaita wale vijana. Nilidhani pia kwamba atalitupa lile kufuli. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema kwamba kamati itakaa Ijumaa, iamue kama mwenyekiti wake aweza kumfungia ndani, au kumtoa nje kwa mikono ya watu, dada yake mkubwa aliyemlea. Akaondoka na kufuli lake. Gari lilizimwa.

Waride alirudi adhuhuri, mikono imejaa vitumbua vya watu. Aliliona godoro langu limetandikwa, akauliza kama ninakoroma. Nilimwambia kwamba sijui, sijawahi kuwa macho nikilala. Alicheka kuliko jambo lenyewe lilivyostahili, kisha akakaa kitandani akalia, nikamwacha alie.

Ananuka papa, na kuku wake hawana adabu. Nimemwambia yote mawili. Amesema nitazoea.

Sijui Ijumaa ndugu yangu ataamua nini. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe siwezi kumkisia. Uamuzi ukitoka nitauandika hapa siku hiyo hiyo, ama nikiwa juu ya godoro hili, ama nikiwa barazani pamoja na vyombo vya Waride.